Riwaya yangu ina wasomaji WhatsApp, nichape kitabu au nibaki hukohuko?

Kijana wa Ilazo

Wakuu habari za muda huu, mbukwenyi kwa wale wa nyumbani.

Niko hapa Dodoma, mchana nimeajiriwa sehemu usiku naandika. Nina riwaya ya upelelezi, inaanzia stendi kuu pale Nane Nane, basi la alfajiri linashusha mzigo na ndani ya mzigo kuna kitu ambacho sikitaji hapa maana naona kuna wasomaji wangu humu bado hawajafika hio sehemu 😀

Mpaka sasa nairusha WhatsApp. Sehemu za mwanzo bure kwenye magrupu, ikifika pale moyo unadunda nasimamisha, anaetaka kumalizia anatuma buku mbili namuingiza grupu la kulipia. Sio hela ya kujengea ila vocha na umeme sijawahi kukosa tangu nianze.

Sasa watu wameanza kudai kitabu cha kushika. Kuna mama ana meza ya nyanya soko la Majengo ye anasomewa na binti yake jioni wakifunga, kaniambia nikichapa anachukua cha kwake na cha wifi yake Mpwapwa. Nikaingia mtaani kuulizia bei. Hapahapa mjini kuna jamaa kaniambia kopi 50 kwa 8,500 kila moja, kurasa kama mia mbili size A5. Kariakoo nikaambiwa 4,800 ila sharti nichape kuanzia 500. Kichwa kinaniuma.

Maswali yangu, nichukue ipi kati ya hizo? Maduka ya vitabu yanapokeaje kazi ya mtu ambae hana kampuni? Hio ISBN, ile namba ya kitabu, ni lazima au mbwembwe? Na la mwisho linaniuma zaidi, kuna chaneli ya simulizi za sauti imechukua sehemu zangu zote za bure inasoma na muziki wa huzuni nyuma, jina langu hakuna, nafanyaje?

Naomba michango ya watu walioshika vitabu vyao wenyewe mkononi, nadharia ninazo nyingi.

---

Ng'ombe wa Maskini

Taja jina la riwaya kwanza mkuu tukusapoti, unakuja kuomba ushauri wa kuuza huku umeficha bidhaa 😂😂

---

Bi Kalamu

Mdogo wangu, mi niko Kisasa na vitabu vyangu nachapa mwenyewe nauza mwenyewe, ngoja nikujibu kwa hela maana wengi watakuja kukujibu kwa moyo.

Chukua kalamu. Tuseme kitabu unauza 15,000. Duka halikupi hela, wanapokea kwa mali kauli, yani unaacha mzigo kikiuzika ndo unalipwa, na wanakata asilimia yao. Mi nimekutana na 30 nimekutana na 40, tuweke 35. Hapo duka linabaki na 5,250 we unabaki na 9,750. Umechapa kwa 8,500. Faida yako 1,250 na hapo hujalipa bodaboda ya kupeleka mzigo. Kitabu hichohicho ukimpa mtu mkononi pale Nyerere Square akakurushia 15,000 kwenye simu umebaki na 6,500. Umeona tofauti? Kopi moja ya mkononi inazidi faida ya kopi tano za dukani.

Sasa utasema basi niende Kariakoo kwa 4,800 hata dukani ntapata karibu elfu tano. Kweli kabisa kwa karatasi. Ila hio ni milioni mbili na laki nne umeziweka chini ya kitanda. Kuzirudisha tu lazima uuze kopi 160 kwa mkono wako, bei kamili, bila kumpa shemeji wala bosi bure. Kwa zile 50 umetoa 425,000, ukiuza 29 hela yako imerudi na zilizobaki zinakulipa. Mwandishi ambae ndo kwanza anaingia sokoni mi simpeleki kwenye 500 hata anilipie chakula, labda awe na oda zilizolipwa.

Na hilo ndo neno lenyewe, ODA ZILIZOLIPWA. Una kitu ambacho mimi sikuwa nacho nilipoanza, una grupu la watu waliokwisha kukulipa. Waambie kitabu kinakuja, anaelipa kabla ya tarehe fulani anakipata kwa 12,000 na jina lake naliandika ndani kwa mkono. Watu wanapenda jina lao liandikwe bwana we acha tu, kuna baba mmoja wa wizarani Mtumba alichukua vinne kisa niandike majina ya watoto wake wanne. Ukimaliza kukusanya unajua uchape ngapi. Usichape kwa matumaini.

Kuhusu maduka sikukatazi, peleka kopi tatu tatu upate kuonekana, ila usiweke roho huko. Duka moja hapa mjini niliacha vitabu, nilipoenda kuangalia nikavikuta nyuma ya rundo la madaftari ya kaunta buku na mikebe ya hesabu, vina vumbi jekundu unaweza kuandika jina lako juu kwa kidole. Niliponunua cha kwangu mwenyewe kwa kujifanya mteja yule binti akanambia "hii dada sijui kama inauzwa". Ya malipo nisiseme, bosi kila siku kasafiri. Na uwaelewe pia, maduka yetu mengi yanaishi kwa vitabu vya shule, Januari ndo mwaka wao, riwaya kwao ni mapambo. Kwa hio ukiacha mzigo andikishiana, idadi, bei, asilimia, tarehe ya kuhesabu, sahihi ya aliepokea. Karatasi ya daftari inatosha.

Sehemu zinazouza Dodoma nakupa bure. Bunge la bajeti kuanzia Aprili mpaka Juni mji unajaa wageni wenye posho, wanakaa lodji jioni hawana la kufanya, ongea na wa mapokezi muachie kopi mbili mezani umpe chake kila ikiuzwa. Viwanja vya Nzuguni mwanzoni mwa Agosti, hapo sio lazima uwe na banda lako, tafuta mtu mwenye banda umuombe pembe ya meza. Mahafali ya vyuo mwisho wa mwaka, mzazi ameshika maua ya plastiki anatafuta zawadi yenye akili. Na ofisini kwako, ila ofisini usikopeshe hata mmoja, utaandika riwaya ya pili kuhusu madeni.

---

Fundi Kava

Mi sio mwandishi mi ndo yule mnaemlalamikia kachelewesha kazi 😅 niko kwenye mambo ya chapa miaka mingi.

Hizo bei mbili wala hakuna anaekuibia ni mashine mbili tofauti. Ile ya 50 ni digito, inatoka kama fotokopi ya kisasa kwa hio kopi ya kwanza na ya hamsini gharama karibu sawa. Ile ya Kariakoo ni ofseti, kuna pleti zinatengenezwa kabla karatasi haijagusa wino, kava la rangi peke yake pleti nne, hizo zinalipwa uchape kumi au elfu. Ndo maana wanakulazimisha 500, gharama ya kuwasha mashine igawanyike. Ukienda 1,000 bei inashuka tena usishangae.

Kama ni ofseti panga kurasa zigawanyike kwa 16 maana karatasi kubwa ikikunjwa inatoa kurasa 16. 208 ni nzuri. Wengi mnaleta 211 tunawaongezea kurasa nyeupe mwishoni mnadhani tumewapunja maandishi.

Kurasa 208 ni karatasi 104, kwa karatasi ya bond ya gramu 80 mgongo wa kitabu unakuja milimita 10 na kidogo. Designer wako umpe hio namba KABLA hajachora kava, sio kava limekwisha ndo unauliza mgongo. Aongeze milimita 3 kila upande za kukatwa. Na picha usiitoe WhatsApp, ikipita pale inapungua ubora, kwenye simu kali kwenye karatasi ukungu. Itume kama dokumenti au weka kwenye flashi.

Ukipewa sampuli ifungue katikati mpaka igome halafu vuta karatasi moja kwa vidole viwili. Ikichomoka rudisha, gundi mbovu hio, na kwa ukavu wa Dodoma kitabu kitakuwa majani kabla ya mvua.

---

Kijana wa Ilazo

Aisee Bi Kalamu na Fundi nimesave hii yote. Dada hapo kwa ofisini umenichoma, tayari kuna mtu kaniambia niandikie jina ntakulipa mwisho wa mwezi na hata hakijachapwa.

---

Mwalimu Singida

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na nimeisoma riwaya yako, nilipewa na mwanafunzi wa zamani (nililipa, usinitolee macho). Ni nzuri. Ila naomba nikuseme kabla hujakimbilia kwa Fundi.

Ile sio kitabu bado. Ile ni simulizi ya sehemu sehemu na imejengwa kwa ajili ya simu. Kila sehemu inaanza na ILIPOISHIA halafu unarudia aya nzima ya jana, na kila sehemu inaisha mtu kashikiwa bastola au mlango umegongwa. Kwenye simu ni sawa kabisa, lazima mtu arudi kesho. Kwenye kitabu kesho yake iko kidoleni, anafunua tu, na mlango ukigongwa mara ya ishirini msomaji anataka kumfungulia yeye mwenyewe alale. Toa marudio yote. Acha vishindo vichache vile vya kweli, hasa kile cha pale mizani usiku, kile usikiguse.

Halafu kuna mambo ya kusahau. Inspekta kwenye sehemu za mwanzo anasema kaka yake alifia Manyoni kwa ajali ya lori. Huko mbele kaka huyohuyo anapiga simu anaulizia hela ya ada. Kwenye grupu hakuna aliyeona kwa sababu katikati palipita wiki nyingi. Msomaji wa kitabu atasoma yote Jumamosi moja, ataona. Andika karatasi pembeni, kila mhusika, umri, ndugu, gari analoendesha, nani kafa. Ukishafanya hivyo tafuta mhariri wa kulipwa, sio rafiki. Rafiki atakwambia iko poa.

Na mwisho, samahani kwa ualimu wangu, "anayetaka", "hiyo", "ambaye". Humu jukwaani andika utakavyo. Kwenye karatasi hapana. BAKITA, Baraza la Kiswahili, wanapitia pia miswada na kutoa ithibati ya lugha, kama una ndoto kitabu siku moja kiingie shule anza kufikiria hilo mapema.

---

Kijana wa Ilazo

Mwalimu 🙈 kaka kafufuka kweli. Nimeenda kuangalia sasa hivi. Hakuna hata msomaji mmoja aliesema.

---

Ng'ombe wa Maskini

Kumbe ndo hio ya Inspekta! Mi nilijua kaka ana pacha nikawa nasubiri siri itoke 😂😂😂

---

Mtetezi Area D

Nimjibu mtoa mada kwenye ISBN na wizi maana naona kila mtu kapita pembeni.

ISBN sio hakimiliki. Hapa watu wengi wanachanganya. Ile ni namba ya kukitambulisha kitabu dukani na maktaba, haikulindi na mtu yeyote. Kwetu inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, makao yao Maktaba Kuu Dar, namba za Tanzania utaziona zinaanza 978 halafu 9976, 9987 au 9912. Huhitaji kuwa na kampuni, mwandishi binafsi anaomba kama mchapishaji wa kazi yake. Kila umbo la kitabu lina namba yake, cha karatasi namba yake cha kielektroniki namba yake. Kama unauza mkononi tu unaweza kuishi bila, ila maduka makubwa na maktaba watakuuliza, na kuiongeza baadae wakati kava limekwisha kuchapwa ni kubandika stika kama bei ya sabuni. Iombe mapema. Ukichapa kuna kopi za kupeleka maktaba kwa mujibu wa sheria, usizisahau kwenye hesabu zako.

Hakimiliki unayo tayari, tangu siku ulipoandika. Sheria yetu ni ya 1999, inakulinda maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, hakukupi haki mpya ila kunakupa karatasi ya kuonyesha, na ukienda kugombana na mtu karatasi inasaidia kuliko kelele. Ila ujue kinacholindwa ni maandishi yako, sio wazo. Mtu akiandika yake kuhusu mzigo kwenye buti la basi huna kesi.

Yule wa chaneli anasoma maneno yako kama yalivyo, huyo una kesi. Piga picha za skrini zenye tarehe, pakua sauti kabla hajafuta, weka pamoja na ujumbe wako wa WhatsApp wa kwanza kabisa wa ile sehemu maana una tarehe na saa. Halafu tumia ile sehemu ya kuripoti hakimiliki kwenye mtandao wenyewe, hio inafanya kazi haraka kuliko polisi. Mtumie na ujumbe wa kistaarabu kwanza, wengine wanaondoa palepale.

---

Bi Kalamu

Au mgeuze awe wakala wako. Nasema kwa uzito. Kama anasoma vizuri na ana wasikilizaji, mwambie aweke jina lako mwanzo na mwisho na namba ya kuagizia kitabu, aendelee na zile za bure tu. Mtetezi atanikasirikia.

---

Mtetezi Area D

Sikasiriki dada ila iwe kwa maandishi. Akikubali kwa mdomo kesho atasoma na zile za kulipia.

---

Chuoni Bado

Hivi mbona hamtaji Amazon wakuu? Unapandisha kitabu mwenyewe bure dunia nzima inaona, 70% ya bei yako. Haya mambo ya kubeba maboksi kwenye bajaji ni ya zamani

---

Bi Kalamu

Mwanangu, mama wa nyanya wa Majengo ana kadi ya benki ya kununulia mtandaoni? Anayo hela kwenye simu. Hapo ndo mjadala unaishia kwa msomaji wa kijana.

Ila nisikukatishe. Hio 70 ni kwa kitabu cha kielektroniki chenye bei kati ya dola 2.99 na 9.99 tena kwa wanunuzi wa nchi walizoziorodhesha, nje ya hapo ni 35. Mauzo ya Marekani wanakata kodi 30% kwa sisi maana hatuna mkataba wa kodi nao. Malipo yanakuja kama siku 60 baada ya mwezi kuisha. Na kabla hujafika mbali kaangalie orodha ya lugha wanazopokea. Kama una ndugu wengi nje au unaandika Kiingereza jaribu. Kijana wateja wake wako Chang'ombe na Nkuhungu.

---

Mke wa Dereva

Mi msomaji tu, niko Kondoa, naomba niseme la upande wetu. Msituondolee WhatsApp. Kitabu 15,000 mi siwezi kila mwezi, buku mbili naweza. Tena sisi kwenye grupu tunabishana, nani muuaji, mpaka usiku. Kitabu nabishana na nani?

Na hao wanaosambaza PDF, mwandishi mmoja ninaemsoma kila PDF anayouza ina jina la aliyenunua na namba yake ya simu chini ya kila ukurasa. Tangu hapo hakuna mtu anaeforward, nani anataka namba yake izunguke nchi nzima. Kijana fanya hivyo.

---

Mwalimu Singida

Hilo la dada ni zuri. Na kijana, kabla hujamwaga riwaya inayofuata yote hukohuko, soma kwanza masharti ya tuzo. Kuna ile ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inaendeshwa na Taasisi ya Elimu, walianza kuzitoa 2023, hutolewa Aprili 13 siku aliyozaliwa Mwalimu, na mshindi wa kwanza wa riwaya alipewa milioni 10. Kuna na ya Safal-Cornell ya fasihi ya Kiswahili. Kazi iliyokwisha kurushwa kila kona inaweza kukufungia mlango, kwa hiyo moja iache kabatini.

---

Kijana wa Ilazo

Wakuu nimekaa na hili leo mchana kutwa kazini sijafanya kitu. Naenda hivi. Namfukia kaka wa Inspekta upya, nakata ILIPOISHIA zote, mwalimu nimekufuata inbox unielekeze kwa mhariri. Oda natangaza kwenye grupu mwisho wa mwezi watu wakipokea mishahara, 12,000 kwa wanaotanguliza. Zikifika 40 nachapa 60 hapahapa mjini, sio 500. WhatsApp siachi, mama Kondoa tulia. Yule wa chaneli nimemtumia ujumbe, kasoma hajajibu, picha za skrini ninazo.

Fundi swali moja, nikikata marudio kurasa zitashuka labda 170 hivi, jamaa wa hapa atanipunguzia ile 8,500 au bei ni ileile? Na karatasi ya njano njano ile ya riwaya za nje inapatikana Dodoma?

---

Fundi Kava

Wa digito anatoza kwa kurasa kwa hio lazima ashuke, akigoma muulize bei yake kwa ukurasa mmoja mzidishie mbele yake. Kava na gundi havishuki, usitegemee maajabu. Ya njano huku ni ya kuagiza Dar, kwa kopi 60 hakuna atakaekufungulia rimu kwa bei ya maana, piga kwenye bond nyeupe ya 80, ila usikubali 70 maandishi yanaonekana upande wa pili. Ukishapata namba kamili ya kurasa nitumie nikupe upana wa mgongo umpe mtu wa kava, kabla ya hapo asichore chochote.

---

Ng'ombe wa Maskini

Weka namba ya malipo basi, mi nataka cha kwangu kiandikwe "kwa aliyedhani ni pacha"